Supamaketi ng'ambo, maegesho kanisani, watoto katikati: jibu kwa mzazi wa Milimani, Nakuru

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mzazi na niko katika kamati ya wazazi ya shule ya msingi hapa Milimani, Nakuru. Mkabala na shule, ng'ambo ya barabara, mwenye ploti anaomba kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka makazi hadi biashara ili ajenge supamaketi yenye mkahawa juu. Tumeambiwa anatakiwa kuwa na nafasi 48 za magari, lakini ploti yake inatosha 18 tu. Zile 30 zilizobaki zitakuwa kwenye uwanja wa kanisa lililopakana na shule yetu, na mchungaji ameshaandika barua ya kukubali. Wazazi wamegawanyika. Wengine wanataka tupinge kabisa, wengine wanasema supamaketi ni maendeleo. Je, sheria inamruhusu mtu kuhesabu maegesho ya jirani kama yake? Na tufanye nini watoto wetu wasigongwe?

Jibu: Mama, salamu kwako na kwa kamati nzima.

Nianze na la sheria kwa sababu ndilo fupi. Ndiyo, inawezekana. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 haimkatazi mwenye ploti kutegemea maegesho yaliyo nje ya mipaka yake. Inachokataza ni kujenga au kubadilisha matumizi ya ardhi bila idhini ya kaunti. Waziri wa kaunti anayesimamia mipango anaweza kukataa, na akikataa aeleze sababu kwa maandishi, au anaweza kukubali na kuweka masharti. Wazazi wanaotaka mpinge na wale wanaotaka mnyamaze wote wanabishania ndiyo au hapana, ilhali nguvu yenu iko kwenye masharti.

Na masharti hayo yahusu barabara iliyo katikati. Mtu akiegesha ndani ya ploti ya supamaketi, anafunga gari na kuingia dukani. Akiegesha kanisani, mara tu anapozima injini amekuwa mtembea kwa miguu, na duka liko ng'ambo. Fanya hesabu pamoja nami. Mteja wa supamaketi hakai siku nzima, kwa hiyo tuseme kila nafasi inapokea magari sita kwa siku. Nafasi 30 mara sita ni magari 180. Kila dereva anavuka akienda na anavuka tena akirudi na mifuko mikononi, kwa hiyo watu watavuka mara 360 kwa siku, na hapo sijahesabu mke, watoto, wala kijana wa kusukuma troli. Karatasi inaomba nafasi 30 za magari. Kwa hakika inaomba kivuko chenye shughuli nyingi mbele ya shule, na ofisi ikihesabu nafasi peke yake, kivuko hicho hakitaonekana mahali popote mpaka siku ya kufungua duka.

Hata hivyo simlaumu mwenye ploti kwa kutaka kuazima. Gari lililosimama huchukua mstatili wa mita 2.5 kwa 5 hivi, lakini ukiongeza njia ya kuingia na kugeuza, kila nafasi inakula mita za mraba 25 au zaidi. Nafasi 30 ni mita za mraba 750. Ploti yetu ya futi hamsini kwa mia ina kama mita za mraba 465. Kwa hiyo kumlazimisha ajenge nafasi zote kwake ni kumwambia atafute ploti moja na nusu zaidi, abomoe nyumba, akate miti na amwage lami, halafu mvua ya Aprili iteremshe maji yote hayo barabarani. Wakati huohuo uwanja wa kanisa umelala mtupu sehemu kubwa ya wiki. Mimi ni wa upande wa kuazimana.

Tena, kabla hamjauliza nafasi 30 zitapatikana wapi, ulizeni 48 zimetoka wapi. Sehemu kubwa ya wateja wa supamaketi za mitaani huja kwa miguu, kwa matatu au kwa bodaboda. Kanuni za kudai nafasi kadhaa za magari kwa kila kipimo cha duka zilishamiri katika miji ya Marekani iliyopanuliwa kwa ajili ya gari, na huko kwenyewe baadhi ya miji imeziacha. Buffalo, katika jimbo la New York, ilifuta kiwango cha chini cha maegesho mwaka 2017. Mwaka huohuo Mexico City iliondoa kiwango cha chini na kuweka kiwango cha juu badala yake. Ikiwa kaunti itakubali kwamba duka hili linahitaji nafasi 30 kwa jumla, atakazoazima zitakuwa 12, na watu watavuka mara 144 badala ya 360. Inashangaza kidogo kwamba wazazi wanaohofia magari wawe ndio wa kuomba maegesho yapunguzwe, lakini ndivyo hesabu inavyosema. Badala ya nafasi hizo, mwambieni atenge mahali pa bodaboda kusubiri ndani ya ploti yake, kwa maana bodaboda watakuja wapende wasipende, na wasipotengewa mahali watajipanga mlangoni pa shule.

Kuna jambo jingine rahisi ambalo waombaji wengi hawalifikirii. Nani ataegesha upande gani? Mfanyakazi wa duka hufika mara moja na kuondoka mara moja. Akiegesha kanisani, nafasi hiyo inamvusha mtu mara mbili tu kwa siku. Mteja akipewa nafasi hiyohiyo, watu watavuka mara kumi na mbili. Kwa hiyo sharti la kwanza kabisa ambalo ningeliandika ni hili: magari ya wafanyakazi na ya wenye duka yawekwe kanisani, zile 18 za ndani ziachwe kwa wateja, na wateja watumie kanisa pale tu ndani kunapojaa. Halimgharimu mwenye mali hata shilingi, na linapunguza hatari kuliko bango lolote.

Sasa kanisa lenyewe. Maegesho ya pamoja hufanya kazi pale ambapo majirani wawili hawajai kwa wakati mmoja. Kanisa na ofisi hupatana vizuri. Kanisa na supamaketi, hapo lazima uangalie. Jumanne saa nne asubuhi uwanja una gari la mchungaji na la mhazini. Lakini makanisa yetu hayafungwi kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Kuna ibada ya katikati ya wiki, kuna maombi ya mchana, kuna kesha ya Ijumaa, kuna harusi Jumamosi, na kuna ibada za mazishi ambazo hazina ratiba. Jumamosi hiyohiyo, hasa ya mwisho wa mwezi, ndiyo siku supamaketi hujaa. Jumapili ni fumbo. Ibada ya kwanza ikitoka, waumini wengi watavuka kununua maziwa na mkate huku magari yao yamebaki palepale, na hilo ni jema kwa sababu gari moja linahudumia safari mbili. Ila wale wa ibada ya pili watakuta uwanja haujafunguka, na wataegesha kando ya barabara, juu ya njia ambayo watu wa miguu wanaitumia.

Msibishane kwa maneno. Chukueni daftari, mhesabu magari yaliyomo uwanjani kila saa, siku ya kawaida ya kazi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ya mwisho wa mwezi. Wazazi wanne wakigawana zamu wanaimaliza. Hesabu hiyo ikiambatanishwa na barua yenu, afisa wa mipango hawezi kuiweka kando kirahisi, kwa sababu pingamizi nyingi anazopokea ni hasira tupu. Mwulizeni pia kama nafasi hizo zilihesabiwa wakati kanisa lenyewe lilipopewa idhini ya kujenga. Nafasi moja haiwezi kuwa sharti la majengo mawili kwa saa moja ileile ya Jumapili.

Barua ya mchungaji haitoshi, na nasema hivi kwa heshima. Mara nyingi ardhi ya kanisa huandikishwa kwa jina la wadhamini wa dhehebu, na mchungaji huhamishwa. Jengo la biashara litasimama miaka 40 au 50. Kinachotakiwa ni mkataba uliotiwa sahihi na wadhamini, uandikishwe kwenye hati za ploti zote mbili chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ili atakayenunua ploti yoyote kesho aukute. Halafu idhini ya kaunti iseme waziwazi kwamba mkataba ukikoma, mwenye supamaketi atarudi kaunti na mpango mwingine wa maegesho ndani ya muda uliotajwa. Sharti hilo mtalihitaji. Sijaona kanisa Nakuru lisilokuwa na harambee ya ujenzi, na siku watakapoamua kujenga ukumbi kwenye uwanja huo, magari 30 yatamwagika barabarani.

Kuhusu watoto kugongwa, niruhusu nikae hapa kidogo.

Tuseme lami ya barabara yenu ina upana wa mita 7. Mtoto wa gredi ya pili hutembea karibu mita 1 kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 7 kufika ng'ambo. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa mijini, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Katika sekunde hizo 7 litakuwa limesafiri mita 97. Maana yake mtoto anapoinua mguu wa kwanza, gari la kumhofia liko umbali wa karibu uwanja mzima wa mpira, na tunamtaka akadirie kasi yake sawasawa. Watu wazima wenyewe hukosea. Mtoto wa miaka saba hajakomaa kwa kazi hiyo, na mafunzo ya "tazama kulia, tazama kushoto" ni mazuri lakini hayambadilishi akawa mtu wa miaka ishirini.

Upande wa dereva nao, sekunde moja inapita kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa kilomita 50 hiyo ni mita 14, na breki zenyewe zinahitaji mita nyingine 14 hivi kwenye lami kavu, jumla 28. Kwa kilomita 30 jumla inashuka hadi mita 13 au 14. Halafu, nguvu ya kugonga huongezeka kwa kasi mara kasi: gari la kilomita 50 linabeba nguvu karibu mara tatu ya gari hilohilo kwenye kilomita 30. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaoomba "zebra" wakaridhika. Milia ya rangi peke yake haipunguzi mwendo wa gari, na nchi hii, ambako watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaouawa barabarani, haihitaji rangi zaidi inayowapa watoto imani isiyo na msingi.

Ombeni kivuko kilichoinuliwa: tuta pana lenye mgongo bapa, kimo cha sentimita 10 hivi, milia ikiwa juu yake, likifika usawa wa njia ya miguu pande zote mbili. Mtoto anavuka bila kushuka, gari ndilo linalopanda, na dereva hana budi kupunguza mwendo awe na haraka au asiwe nayo. Liwe na taa, kwa sababu wateja wa mkahawa watavuka usiku. Na liwekwe pale watu watakapovuka kweli, kwenye mstari kati ya geti la kanisa na mlango wa duka. Likisogezwa mita 80 mbali kwa sababu mchoro unapendeza hivyo, hakuna atakayelifuata akiwa na mifuko miwili ya unga.

Kisha safisheni macho ya kivuko. Boneti ya pikapu au Prado iliyoegeshwa kando inaweza kuzidi kimo cha mtoto wa chekechea. Dereva anayekuja hamwoni mtoto, na mtoto haoni gari, mpaka atokeze kichwa kwenye njia ya gari. California imepiga marufuku kuegesha ndani ya futi 20, yaani mita 6, kabla ya kivuko upande wa magari yanayokaribia, na sheria hiyo ilianza kutekelezwa kikamilifu mwaka 2025. Uingereza huchora mistari ya nyoka kabla na baada ya kivuko kwa sababu hiyohiyo. Kwetu ningechagua vigingi vya zege. Mistari inahitaji askari wa kaunti asimame hapo, na saa tisa alasiri watoto wakitoka askari yuko mjini akikagua malipo ya maegesho. Kigingi hakiendi likizo.

Tafadhali wazuieni wazazi wasijenge tuta lao wenyewe kwa mawe na udongo. Najua mitaa iliyofanya hivyo kwa nia njema. Tuta lisilopakwa rangi wala kuwekewa ishara humrusha mwendesha bodaboda usiku, na aliyelijenga barabarani bila ruhusa ndiye atakayeulizwa.

Geti la kanisa ni hatari nyingine. Hakuna anayelizungumzia kwa sababu macho yote yako ng'ambo. Kwa kuwa kanisa limepakana na shule, watoto wanaotoka upande huo hupita mbele ya geti hilo kufika shuleni. Magari 180 yakiingia na kutoka ni mara 360 tairi zinakata njia ya watoto, hata kama mtoto havuki barabara kabisa. Njia ya miguu iendelee mbele ya geti kwa kimo kilekile na vigae vilevile, gari lipande kuikata, ili dereva ajue yeye ndiye mgeni hapo. Upana wa mita 6 unatosha magari mawili kupishana. Geti lenyewe lirudishwe ndani urefu wa gari moja, ili gari linalosubiri mlinzi afungue lisizibe njia na kuwasukuma watoto barabarani. Mvua ikinyesha mtaona umuhimu wake, maana watu huacha pembeni penye matope na kutembea juu ya lami.

Zile nafasi 18 za ndani nazo zikaguliwe kwenye mchoro. Kuna mtindo umeenea katika miji yetu wa kupanga magari pua ikitazama duka na matako yakitazama barabara, halafu kila moja linatoka kinyumenyume likikata njia ya watembea. Kataeni. Gari ligeuze ndani, litoke likitazama mbele. Magari ya mkate na maziwa, na lori la mizigo, yashushie ndani ya ploti na yasije saa za kuingia na kutoka shule.

Katika mpango huu kuna nafasi nzuri ambayo ningeikamata kama ningekuwa mwanakamati. Shule na kanisa vimepakana. Saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu asubuhi, supamaketi haina wateja wengi na uwanja wa kanisa uko wazi. Tobolewe geti dogo la miguu kwenye ua unaotenganisha shule na kanisa, wazazi wenye magari washushie watoto ndani ya uwanja, watoto waingie shuleni bila kukanyaga barabara. Msongamano wa magari mlangoni pa shule utapungua sana. Gharama ya geti na mlinzi wa saa hiyo moja alipe mwenye supamaketi, kwa kuwa ndiye anayefaidi kuazimana huku. Mkiwa na pendekezo kama hilo mezani, hata wale wazazi wa "maendeleo" watatia sahihi.

Sasa utaratibu. Someni bango lililowekwa kwenye ploti, maana tarehe ya mwisho ya maoni imeandikwa hapo. Andikeni kwa waziri wa mipango wa kaunti, mtaje namba ya ploti, na mwombe barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Msingoje kuitwa mkutanoni, kwa sababu sheria ya 2019 inasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, idhini inachukuliwa kuwa imetolewa. Idhini ikitolewa bila masharti yenu, mna siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya upatanishi ya mipango na matumizi ya ardhi ya kaunti. Haki hiyo si ya mwombaji peke yake, ni ya yeyote mwenye maslahi, na wazazi wa shule iliyo mkabala wana maslahi. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ingawa natumaini hamtafika huko, maana ni safari ndefu na ya gharama. Mkinyimwa mchoro, ombeni rasmi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu.

Thibitisheni pia barabara ni ya nani. Katiba imezipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, lakini baadhi ya barabara za mijini ziko chini ya KURA, yaani mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini, na hapo kivuko kitahitaji kibali chao pia. Mara nyingi ofisi hizi mbili hurushiana mpira, kwa hiyo barua moja ipelekeni kote kuwili siku moja.

La mwisho ni wakati wa kutekeleza. Kila sharti linalohusu kivuko, njia ya miguu, vigingi na geti liandikwe kwamba litakamilika kabla ya cheti cha kuanza kulitumia jengo kutolewa. Duka likishafunguliwa, mwenye mali hana tena sababu ya kuharakisha, na kaunti haitafunga supamaketi yenye wafanyakazi na wateja kwa ajili ya tuta. Kwa hiyo kwenye mkutano wenu ujao, kabla ya kupiga kura ya kupinga au kukubali, wekeni mchoro wake mezani na mtafute kwa kidole mahali ambapo mtu aliyeegesha kanisani atavukia. Pasipokuwepo, hiyo ndiyo aya ya kwanza ya barua yenu.